Enzi Zilizojengwa Dallas

Gemu ya historia ni mchezo wa kompyuta unaomweka mchezaji ndani ya kipindi kilichowahi kuwapo: Misri ya mafarao, Ulaya ya Vita vya Pili vya Dunia, Bahari ya Hindi ya wakati wa Wareno. Kitabu husimulia yaliyotokea, na filamu huyaonyesha. Gemu humkabidhi mtu watu, mali na silaha, ikampa sheria, kisha ikamwachia atende. Anaweza kushinda vita ambavyo waliovipigana walishindwa, au kuuangamiza kwa njaa mji ambao kwa kweli ulistawi. Ndiyo maana uaminifu wa gemu ya namna hii haupimwi kwa mavazi na majengo tu. Unapimwa zaidi kwa sheria zake: kitu gani kinahesabiwa kuwa mali, nani ana uwezo wa kuamua, jambo gani linaitwa ushindi.

Sheria kadhaa zilizoenea duniani kote zilitungwa kaskazini mwa Texas. Euless ni mji uliopo kati ya Dallas na Fort Worth, na sehemu ya ardhi ya kiwanja kikubwa cha ndege cha DFW imo ndani ya mipaka yake. Mesquite na Garland ziko upande wa mashariki wa Dallas, Plano na Frisco ziko kaskazini. Yote ni miji ambayo mtu wa Euless huifikia kwa gari na kurudi siku hiyo hiyo. Katika eneo hili wanaishi pia Wakenya, Wakongo, Warundi na Watanzania, na watoto wao hucheza gemu zilizobuniwa karibu na nyumbani kwao, zikihusu, mara nyingine, pwani walikotoka wazazi wao.

Fani yenyewe ni ya zamani kuliko Dallas. Katikati ya miaka ya 1960, mwalimu wa shule ya msingi wa jimbo la New York, Mabel Addis, alishirikiana na kampuni ya IBM kutunga The Sumerian Game. Mwanafunzi alikuwa mtawala wa Lagash, mji wa Wasumeri. Aliketi mbele ya mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta kubwa, akaulizwa nafaka kiasi gani itunzwe ghalani, kiasi gani ipandwe, na kiasi gani walishwe watu. Hapakuwa na picha zaidi ya slaidi zilizoonyeshwa pembeni. Mwaka 1971, vijana watatu waliokuwa wakijifunza ualimu Minnesota walitunga The Oregon Trail, kuhusu wahamiaji waliovuka Marekani kwa magari ya kukokotwa na maksai. Kwa hiyo gemu za kwanza za historia zilitoka mikononi mwa walimu, na zilishughulika na chakula, ugonjwa na umbali wa safari kuliko upanga. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa sababu baadaye vita viliteka karibu uwanja wote.

Dallas iliingia mwaka 1992 kwa mlango wa vita. Kampuni changa ya id Software, ya kina John Carmack, John Romero, Tom Hall na Adrian Carmack, ilikuwa imehamia Mesquite, na tarehe 5 Mei mwaka huo ikatoa Wolfenstein 3D kupitia kampuni ya Apogee ya Garland. Mchezaji ni askari wa Marekani aliyefungwa katika ngome ya Wanazi, naye anapaswa kutoka kwa kufyatua risasi. Jina na wazo vilitoka katika gemu ya zamani zaidi, Castle Wolfenstein ya mwaka 1981, iliyotungwa na Silas Warner. Kilichokuwa kipya ni macho: mchezaji aliona kila kitu kana kwamba yumo mwenyewe ndani ya korido.

Kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu, hivyo John Carmack alitumia njia ya kukokotoa umbali wa kuta tu, mstari kwa mstari. Matokeo yake kuta zote zilikutana kwa pembe mraba, na dari na sakafu zilikuwa tambarare. Hakuna ngazi wala dirisha la kuchungulia nje. Ngome ya Wanazi ikawa vijia vya mstatili vyenye bendera ukutani, na mwisho wa kisa cha tatu anatokea Hitler akiwa amevaa mavazi ya chuma yenye bunduki. Hapa historia ni pambo. Inampa mchezaji adui ambaye hakuna atakayemhurumia, na haimfundishi lolote kuhusu jinsi utawala wa Wanazi ulivyopata nguvu. Hata hivyo alama zilikuwa na uzito wake. Mwaka 1994 nakala za gemu hiyo zilipigwa marufuku Ujerumani kwa sababu ya misalaba ya Kinazi, na ni mwaka 2018 tu ndipo nchi hiyo ilipoanza kuruhusu alama hizo ndani ya gemu, kila gemu ikiamuliwa peke yake.

Miaka mitano baada ya Wolfenstein, Dallas ilitoa gemu ya aina nyingine kabisa. Tony Goodman alikuwa na kampuni ya ushauri wa kompyuta mjini humo, ikiwahudumia wafanyabiashara kwa programu za kazi. Katikati ya miaka ya 1990, yeye, ndugu yake Rick na wenzao walianzisha Ensemble Studios ili watengeneze gemu. Walimwita Bruce Shelley, ambaye kabla ya hapo alishirikiana na Sid Meier kubuni Civilization ya mwaka 1991, gemu iliyompa mchezaji taifa zima kutoka enzi za mawe hadi safari za angani. Civilization ilichezwa kwa zamu: mmoja anasogeza, mwingine anangoja. Wakati huo huo gemu za vita za kubuni, kama Warcraft ya mwaka 1994, zilikuwa zimeacha zamu. Wachezaji wote walitenda kwa pamoja na saa haikusimama. Wazo la Ensemble lilikuwa kuunganisha vitu hivyo viwili: historia ya Civilization na mwendo wa Warcraft. Mradi ulianza kwa jina la Dawn of Man. Mwezi Oktoba 1997 kampuni ya Microsoft iliutoa ukiwa na jina ambalo dunia ililizoea, Age of Empires.

Mchezo huanza na jengo moja la mji na wanakijiji watatu. Ramani yote ni nyeusi hadi watu waifikie. Mwanakijiji huchuma matunda pori, huwinda swala, hukata miti, huchimba dhahabu na mawe. Chakula, mbao, dhahabu na mawe ndizo mali nne, na hakuna mali nyingine. Mwanakijiji mpya hugharimu chakula 50 na hutokea mlangoni baada ya sekunde chache akiwa mtu mzima tayari kwa kazi. Kikipatikana chakula 500, mji unaweza kuvuka kutoka Enzi ya Mawe kwenda Enzi ya Zana. Kisha hufuata Enzi ya Shaba na Enzi ya Chuma. Kuhani aweza kumgeuza askari wa adui awe wake kwa kumwimbia. Mlio wake wa wololo hadi leo hutambulika na watu wa nchi nyingi ambao hawana lugha ya pamoja.

Mataifa yalikuwa 12: Wamisri, Wagiriki, Wababeli, Waashuru, Waminoa, Wahiti, Wafoinike, Wasumeri, Waajemi, na mataifa matatu ya Asia ya Mashariki, yaani Shang wa Uchina, Yamato wa Japani na Choson wa Korea. Kila taifa lilikosa zana fulani na kuzidi kwa nyingine. Mwaka 1998 nyongeza ya The Rise of Rome iliwaleta Warumi, Wakarthago, Wamasedonia na watu wa Palmyra. Mwaka 1999 ilikuja The Age of Kings, sehemu ya pili, iliyohamia zama za kati, ikiwa na mataifa 13 na visa vya kufuata vya Joan of Arc, Saladin, Genghis Khan na Barbarossa. Mwaka 2000 The Conquerors iliongeza Waazteki, Wamaya, Wahunni, Wahispania na Wakorea. Katika gemu ya kwanza wanakijiji wote walikuwa wanaume. Kuanzia ya pili wanawake walionekana mashambani na machimboni.

Shelley hakuficha jinsi utafiti ulivyofanywa. Alieleza hadharani kwamba utafiti wa kina hauhitajiki kwa gemu ya burudani, na kwamba vitabu vya watoto vya maktaba vinatosha mara nyingi, kwa kuwa ndani yake mna yale ambayo watu wengi tayari wanayajua. Mnunuzi akiona piramidi, tembo wa vita au meli ya Waviking, atatambua papo hapo alipo. Msimamo huo umelaumiwa na wasomi, lakini una mantiki ya kazi. Gemu ya Ensemble ilipaswa kueleweka ndani ya dakika kumi na mtu asiyewahi kusikia neno Wahiti. Tatizo lake ni jingine: kinachojulikana tayari na watu wengi wa Dallas mwaka 1997 si historia yote ya dunia. Afrika katika gemu ya kwanza ilikuwa Misri peke yake, na Karthago iliongezwa mwaka uliofuata.

Ndani ya sheria zenyewe mna madai mazito zaidi ya michoro. Enzi nne zinapandwa kama ngazi, na kila taifa hupanda ngazi ile ile kwa bei ile ile. Atakayechelewa huuawa. Wanahistoria wa Afrika wameukataa mpangilio huo kwa muda mrefu, kwa sababu jamii nyingi za kusini mwa Sahara zilifua chuma bila kupitia kipindi cha shaba. Vilevile ardhi katika gemu haina mwenyewe. Msitu ni mbao zinazongoja kukatwa; mtu aliyeutumia kabla ya mchezaji kufika hayupo. Wazee hawapo, watoto hawapo, na utumwa haupo, ingawa miji mingi inayochorwa humo ilijengwa kwa jasho la watumwa. Wabunifu hawakukaa wakapanga kudanganya. Walitaka mchezo ulio sawa kwa pande zote, na usawa huo wa uwanjani uliwalazimisha kuyafanya mataifa yote yafanane kwa mambo ambayo kwa kweli yalitofautiana sana.

Sheria za namna hiyo zaweza kubadilishwa, na zimewahi kubadilishwa. Age of Empires III ya mwaka 2005 ilihusu ukoloni wa Amerika, na nyongeza yake ya mwaka 2006 iliwapa wachezaji nafasi ya kuwaongoza wenyeji wa Amerika, wakichimba dhahabu migodini sawa na Wazungu. Gemu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2020, washauri kutoka jamii za wenyeji walishirikishwa. Majina waliyopewa na wengine yaliondolewa, Iroquois wakaitwa Haudenosaunee na Sioux wakaitwa Lakota, na uchimbaji wa migodi ukabadilishwa kuwa soko la kubadilishana mali. Kubadilisha jina ni rahisi. Kubadilisha njia ya kupata mali ni kukiri kwamba mchezo wenyewe ulikuwa umesema jambo lisilo kweli.

Wakati Ensemble ikitegemea kumbukumbu za jumla, kampuni nyingine ya eneo hilo ilikwenda upande wa pili kabisa. Gearbox ilianzishwa Plano mwaka 1999, na mwezi Machi 2005 ikatoa Brothers in Arms: Road to Hill 30. Gemu hii haina mataifa wala enzi. Inafuata kikosi kidogo cha rejimenti ya 502 ya askari wa miavuli wa Marekani kwa siku chache tu za Juni 1944 huko Normandy, Ufaransa, kuanzia usiku walipodondoshwa kutoka angani hadi mapambano ya karibu na mji wa Carentan. John Antal, kanali mstaafu wa jeshi la Marekani, alisimamia upande wa kijeshi na wa kihistoria. Watengenezaji walisafiri hadi Normandy, wakatumia picha zilizopigwa na ndege wakati wa vita na taarifa za jeshi, na wakajenga vichochoro, nyua na mashamba yenye kuta za miti kama yalivyokuwa.

Hata sheria zake zilitoka katika mafunzo ya jeshi. Mchezaji anayekimbia mbele akifyatua risasi hufa upesi. Inabidi awaagize wenzake wambane adui kwa risasi ili asiinue kichwa, kisha kundi jingine lizunguke ubavuni. Anayeelewa sheria hiyo anaelewa kitu cha kweli kuhusu vita vya 1944: kwamba mtu mmoja hodari hakutosha, na kwamba ua wa miti shambani ulikuwa na maana kuliko ujasiri. Sehemu ya tatu ya mfululizo huo, ya mwaka 2008, ilihusu shambulio la Septemba 1944 nchini Uholanzi, ambalo majeshi ya washirika yalishindwa kulikamilisha. Ni nadra gemu ya vita kujengwa juu ya kushindwa. Lakini ukweli wa Brothers in Arms ni wa eneo dogo mno. Wafaransa wenye mashamba hayo karibu hawaonekani, na swali la kwa nini vita vinapiganwa halina nafasi.

Upande wa Houston kazi ilikuwa ndogo zaidi. TimeGate Studios ya Sugar Land, mji ulio kando ya Houston, ilitoa Axis & Allies mwaka 2004, gemu ya kuamuru majeshi ya Vita vya Pili vya Dunia iliyotokana na mchezo wa ubaoni wenye jina hilo. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2013.

Pwani ya Waswahili ilichelewa kuingia katika gemu hizi, na ilipoingia ililetwa na mashua za wengine. Microsoft iliinunua Ensemble mwaka 2001 na kuifunga mwanzoni mwa 2009, lakini mashabiki hawakuiacha The Age of Kings. Kundi la wapenzi wa gemu hiyo kutoka nchi mbalimbali lilitengeneza nyongeza yake bila malipo, na baadaye Microsoft ikawapa kazi rasmi kwa jina la Forgotten Empires. Mwezi Novemba 2015 walitoa The African Kingdoms: Wahabeshi, Wamali, Waberberi, na Wareno. Askari wa Kihabeshi husema Kiamhari. Kisa kimoja kinamhusu Yodit, malkia ambaye masimulizi ya Ethiopia yanamtaja kuwa aliiharibu Aksum karne ya 10. Wamali walipewa wanawake wapiganaji waitwao Gbeto, ambao kwa kweli ni wa ufalme wa Dahomey, mbali na Mali kwa umbali na kwa karne nyingi. Ni kosa la aina ile ile ya vitabu vya watoto: picha maarufu ya Afrika Magharibi imewekwa mahali palipokuwa wazi.

Kisa cha Wareno ndicho kinachowagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mchezaji anamfuata Francisco de Almeida kutoka Ureno hadi Bahari ya Hindi. Mwaka 1505 Almeida aliiteka Kilwa mwezi Julai, akaweka ngome na mtawala wa kuwatii Wareno, kisha mwezi uliofuata akaichoma na kuipora Mombasa. Kilwa haikuwa kijiji kilichongoja kugunduliwa. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na kuusifu mji na sultani wake. Jumba la Husuni Kubwa lilijengwa juu ya jabali la bahari karne hiyo ya 14, mji ulitengeneza sarafu zake wenyewe, na dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake. Anayecheza kama Almeida hupewa sababu za Almeida, na mji unaoshambuliwa huwa lengo la kutimiza kabla ya kuendelea na hatua inayofuata. Historia yenyewe ilimlipa Almeida vingine: mwanawe aliuawa Chaul, India, mwaka 1508, naye mwenyewe aliuawa na Wakhoikhoi karibu na Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1510 akiwa njiani kurudi kwao.

Lipo jengo moja katika nyongeza hiyo linaloeleza mengi kuliko maelezo yote ya kisa. Wareno wanaruhusiwa kujenga feitoria, nyumba ya biashara ambayo hutoa chakula, mbao, mawe na dhahabu mfululizo bila mwanakijiji yeyote kufanya kazi. Kwa hesabu ya mchezo, mali hiyo haitoki popote. Feitoria za kweli zilikuwapo Kilwa, Sofala na Malindi, na mali yake ilikuwa na njia inayojulikana: wachimbaji wa bara, wapagazi, madalali wa pwani, vitambaa vya Gujarati, ushuru, na mizinga ya kumlazimisha asiyetaka. Mbunifu alihitaji jengo lenye faida ya kipekee na akalipata. Lakini kijana anayelitumia hujifunza, bila kusomewa neno, kwamba utajiri wa Wareno ulijizalisha wenyewe.

Zanzibar nayo imo katika Civilization VI ya mwaka 2016, kama mji wa biashara unaojitegemea. Taifa litakalokuwa mlinzi wake hupata karafuu na mdalasini, bidhaa zisizopatikana kwingine katika mchezo, na raia wake hufurahi. Ni sifa nzuri kwa kisiwa, na haijaeleza kwamba mikarafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 tu, ikaenea wakati wa Sultani Sayyid Said, na ikapandwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Toleo la nne la Civilization, la mwaka 2005, lilikipeleka Kiswahili chenyewe mbali zaidi: wimbo wake wa kufungulia, Baba Yetu wa Christopher Tin, ni sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza kutoka katika gemu kupata tuzo ya Grammy. Europa Universalis IV ya kampuni ya Paradox ya Stockholm inamruhusu mchezaji kuiongoza Kilwa yenyewe kuanzia mwaka 1444, yaani kabla Vasco da Gama hajazaliwa, na hapo swali hubadilika: anayekuja na meli kutoka kusini huwa ndiye tatizo. Victoria 3 ya kampuni hiyo hiyo, inayoanzia mwaka 1836, imeuweka utumwa ndani ya sheria za nchi, na mchezaji anayetaka kuuondoa hupambana na wenye ardhi wanaofaidika nao. Kati ya gemu zote zilizotajwa hapa, hiyo ndiyo iliyosogea karibu zaidi na historia kama wanahistoria wanavyoifanya, ingawa haina askari wa kupendeza macho wala kelele za vita.

Kwa familia za Texas mambo haya yana upande wa kila siku. Alama za umri zilizochapwa kwenye gemu za Marekani, zinazotolewa na bodi ya ESRB tangu 1994, hueleza damu na lugha, hazielezi historia. Age of Empires II imepewa vijana wa miaka 13 na kuendelea, Brothers in Arms watu wa miaka 17 na kuendelea, kwa kuwa moja inaonyesha vita kutoka juu kwa mbali na nyingine inaonyesha mtu akifa mbele ya macho. Chuo kikuu cha Southern Methodist cha Dallas kinafundisha utengenezaji wa gemu kwa shahada ya uzamili katika kitengo chake cha Guildhall kilichoanza 2003, na Frisco ina Jumba la Makumbusho la Taifa la Gemu lililofunguliwa 2016, ambako mashine za zamani huchezwa na wageni badala ya kutazamwa tu. Kijana wa Euless anayependa fani hii hana haja ya kuhama jimbo ili aisomee.

Wala hana haja ya kungoja shahada. Tangu 1997, Age of Empires huuzwa pamoja na chombo cha kutengenezea ramani na visa vipya, na visa vingi vilivyochezwa na watu duniani vilitungwa nyumbani na wasio wataalamu. Mtu akitaka kuuweka humo mzingiro wa Fort Jesus, ngome ya Wareno ya Mombasa, ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, atapata vifaa vingi tayari: kuta za mawe, ghuba, meli za Wareno kutoka Goa, na jeshi la Imamu Saif bin Sultan wa Oman ambalo litaazima sura ya Waarabu wa zama za kati walioitwa Saracens. Meli ya Santo António de Tanna, iliyokuja kuokoa ngome na ikazama mbele yake mwaka 1697, yaweza kupangwa ifike na izame kwa wakati wake.

Mengine yatahitaji ubunifu. Yaliyoua walinzi wengi wa ngome ile ni maradhi na njaa, wala si mizinga, na gemu haina maradhi; mtungaji itabidi apange askari wapungue kila baada ya dakika kadhaa hata pasipo shambulio. Kwa muda ngome hiyo ililindwa na Waswahili wakiongozwa na Daud wa Faza, baada ya kamanda wa Kireno kufa, na wapiganaji hao hawana sura yao wala sauti yao ndani ya gemu. Chombo kinaruhusu kubadilisha jina la askari yeyote, kumpa nguvu tofauti na kuweka maandishi yanayotokea kila tukio linapofika. Lugha ya maandishi hayo huchaguliwa na mtungaji, na Kiswahili huandikwa kwa herufi zile zile ambazo chombo tayari kinazo.